Je, Yafaa Kumdunga Sindano Mtoto Anayelia kwa Chango?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, katika kijiji kimoja cha Mahurunga, karibu na pale mto Ruvuma unapokutana na bahari, kijana mmoja alibaki msikitini wenzake walipokwisha kuondoka. Alikuwa ameingia katika Islam mwaka uliotangulia, na alikuwa na desturi njema ya kuuliza maswali bila ya kuona haya. Usiku ule hakuuliza habari za sala wala saumu. Aliketi mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema:

"Maalim, mwanangu ana majuma matano. Kila jua likitua huanza kulia, wala hanyamazi mpaka usiku mkubwa. Mama mkwe asema ni chango, aitwe fundi amkate kimeo. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amenipigia simu, asema yuko tabibu wa sindano za Kichina. Humdunga mtoto kidogo tu, na chango hukoma. Huyu ana wembe, yule ana sindano. Niambie, Maalim, lipi ni halali?"

Nilimjibu upesi kuliko ilivyonipasa. Nilimwambia ya kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, kwa hiyo na atafute dawa. Na kwamba sindano safi ni afadhali kuliko wembe uliopita katika vinywa vya watoto wengi. Akanishukuru, akaenda zake. Lakini nilipojilaza nikaona kuwa nimesema habari za wembe na habari za sindano, na habari za yule mtoto sikusema hata neno moja. Makala haya ni jibu lililonipasa kumpa usiku ule. Nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mzazi aliyewahi kutembea ndani ya nyumba gizani akiwa na mtoto anayelia begani.

Chango ni kitu gani?

Kwa watu wa pwani neno hili lina maana nyingi. Chango ni utumbo mwembamba. Chango ni maumivu ya tumbo la mwanamke. Chango ni minyoo. Na chango ni kilio cha mtoto mchanga kisichokuwa na sababu inayoonekana. Neno likibeba mizigo mingi namna hii, ni rahisi mtu kudhani ya kuwa amekwisha kuujua ugonjwa kwa kuwa amekwisha kuutaja.

Waganga wa hospitali nao wamejaribu kukiwekea mipaka kilio hiki. Mwaka 1954 daktari Morris Wessel na wenzake wa Marekani waliandika kuwa mtoto wa chango ni yule mwenye afya, anyonyaye vizuri, ambaye hulia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa juma, kwa muda wa zaidi ya majuma 3. Mwaka 1962 daktari Berry Brazelton, naye wa huko huko Marekani, aliwaomba akina mama wa watoto 80 waandike kila siku jinsi watoto wao walivyolia. Hawa hawakuwa wagonjwa. Hata hivyo kilio chao kiliongezeka tangu juma la pili, kikafika kilele karibu na juma la sita, kisha kikapungua mpaka karibu na juma la kumi na mbili, na saa zake kubwa zilikuwa za jioni.

Sababu zilizodhaniwa ni nyingi: hewa tumboni, utumbo usiokomaa, maziwa ya ng'ombe, moshi wa tumbaku, fahamu changa zinazochoshwa na mambo ya mchana. Hakuna hata moja iliyoweza kueleza vilio vyote. Lililo yakini ni hili: kilio hiki aghalabu hukoma chenyewe mtoto afikishapo mwezi wa tatu au wa nne, na mtoto hubaki na afya yake kamili. Msomaji na aliweke moyoni jambo hili, maana hoja zote zinazofuata zimesimama juu yake.

Sindano zimepimwaje?

Tiba ya sindano ya Kichina, ambayo wengi huiita akupancha, ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Tabibu huchoma sindano nyembamba sana katika mahali maalumu pa mwili, kwa kuamini kuwa nguvu ya uhai hupita katika njia zake, na njia ikizibika huzaliwa maradhi. Kwetu Tanzania si jambo geni. Madaktari wa China walianza kuja Zanzibar kwa makundi mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na pamoja na visu vya upasuaji na vidonge walikuja na sindano zao.

Ama juu ya watoto wa chango, waliolipima jambo hili kwa bidii ni watu wa Sweden na Norway. Mwaka 2008 huko Sweden watoto 40 walishiriki. Waliodungwa walidungwa mkononi, baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwa muda wa sekunde kama 20. Ikaandikwa kuwa kilio kilipungua. Mwaka 2010 walipimwa watoto 90, na sindano ilikaa sekunde 2 tu. Ikaandikwa tena kuwa kilio kilipungua. Mwaka 2013 watu wa Norway wakapima watoto 90 kwa sindano chini ya goti, siku 3 mfululizo, na wazazi hawakujulishwa ni mtoto gani aliyedungwa na yupi asiyedungwa. Hao hawakuona tofauti yenye maana. Mwaka 2017 Sweden ikapima tena watoto 147. Watafiti wakasema sindano zimesaidia, lakini wataalamu wengine wakawapinga vikali, wakisema kwamba hesabu zile haziwezi kubeba hukumu ile, na kwamba si haki kumdunga mtoto kwa jambo ambalo litakwisha lenyewe.

Kisha mwaka 2018 likafanyika jambo la kupendeza. Watafiti wa Norway na wale wa Sweden, ambao majibu yao yalikuwa yamepingana, waliketi pamoja, wakakusanya habari za watoto 307 kutoka katika tafiti 3, wakazihesabu upya. Hukumu yao ilikuwa kwamba tiba hii haifai kupendekezwa kwa watoto wa chango kwa jumla. Waliokuwa wamesema "inasaidia" walitia majina yao chini ya hukumu hiyo. Ndugu msomaji, sisi tunaohubiri kuwa mtu na aseme kweli hata ikiwa juu ya nafsi yake, yatupasa kuuheshimu unyofu huo popote tuuonapo.

Jogoo na mapambazuko

Huenda mtu akasema: "Lakini mimi namjua mtoto aliyedungwa, na baada ya majuma mawili akanyamaza. Je, nisiamini macho yangu?" Aamini macho yake, lakini ayaulize vizuri. Macho yameona kuwa kilio kilikoma baada ya sindano. Hayakuona kuwa kilikoma kwa sababu ya sindano. Wazee wetu walilijua jambo hili waliposema: jogoo likiwika lisiwike, kutakucha.

Fikiri habari ya mtu asiyeijua bahari, aliyefika kwenye mikoko ya Ruvuma wakati wa bamvua, akakuta maji yamejaa mpaka njiani. Mzee mmoja akamwambia, "Nipe fedha kidogo, nitayaamuru maji yaondoke." Akampa. Mzee akaipiga bahari kwa fimbo, akanena maneno yake, wakaketi kungojea. Baada ya saa chache maji yakapwa, njia ikaonekana. Mgeni yule atakwenda kwao akiapa kuwa ameona kwa macho yake fimbo inayokausha bahari. Naye hatakuwa mwongo. Ila hakukaa siku ya pili kutazama kama maji hupwa pasipo fimbo.

Mzazi humpeleka mtoto kwa tabibu siku ambayo taabu imemzidi. Siku hiyo aghalabu ni karibu na juma la sita, yaani kilele cha bamvua. Lolote utakalofanya siku hiyo, liwe sindano, wembe, hirizi, maji ya mizizi au kusokota uzi mweusi mkononi, maji yatapwa baada yake. Ndiyo sababu dawa za chango ni nyingi kiasi hiki, na kila moja ina mashahidi wake waaminifu. Na ndiyo sababu waliotaka kujua kweli waliwaweka kando watoto wasiodungwa, wakawatazama nao. Katika uchunguzi ule wa 2017, kilio cha watoto ambao hawakudungwa kilipungua pia.

Wembe wetu wenyewe

Sitaki mtu yeyote asome maneno haya akawacheka Wachina, au akawacheka watu wa Sweden. Sisi tunao wembe wetu. Hapa kwetu, toka pwani mpaka bara, wako watoto waliokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, kutapika au kilio. Wako waliochanjwa chale na kupakwa dawa. Wako waliong'olewa vijimeno ambavyo havijatokeza katika ufizi, ati ni meno ya plastiki yanayoleta homa. Madaktari wetu wamekwisha kueleza mara nyingi matokeo yake: kuvuja damu, kuoza kwa jeraha, pepopunda, na magonjwa yanayopita katika damu ya wembe mmoja.

Wala siwahukumu wengine. Nitasema yangu.

Niliporudi kutoka chuo cha dini ng'ambo nilikuwa kijana mwenye vitabu vingi sandukuni. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa alilia kama alivyolia mtoto wa yule ndugu wa Mahurunga. Tulikuwa tumechoka, mimi na mama yake, kiasi cha kutosemezana. Wazee wakasema ni kimeo. Fundi akaja asubuhi, mtu mpole, mwenye sifa njema. Akaniambia: "Baba, mshike mikono." Nikamshika. Ilichukua muda mfupi kuliko kuisoma aya hii. Jioni ile mtoto hakulia, nasi tukamshukuru Mungu; kumbe hakulia kwa kuwa nguvu zilikuwa zinamwishia. Damu ilikuwa ikishuka kooni, naye akiimeza. Alfajiri tulimkimbiza zahanati. Muuguzi aliyetupokea hakutukaripia. Alipokwisha kumshughulikia aliuliza tu, "Nani alimshika?" Nikasema, "Mimi."

Mwenyezi Mungu alimponya, na leo amenizidi kimo. Lakini linaloniuma mpaka sasa ni jambo jingine. Katika hadithi za Bukhari, mlango wa tiba, imo habari ya bibi Ummu Qais binti Mihsan, aliyemleta mwanawe mdogo kwa Mtume (s.a.w.) baada ya kumbonyeza kooni kwa sababu ya uvimbe wa kimeo, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa Kiarabu. Mtume alichukizwa, akawauliza akina mama kwa nini wanawatesa watoto wao kwa kubonyeza huko, akawaonyesha dawa nyepesi badala yake. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisoma kwa mwalimu wangu, nimeichambua maneno yake ya Kiarabu, na mtihani wake nimeufaulu. Ilipoingia nyumbani mwangu kwa miguu yake sikuitambua.

Mtoto ni amana

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, ambalo si la wembe wala la sindano peke yake. Mtu mzima akitaka kudungwa sindano mgongoni ili aone kama itamfaa, mwili ni wake na maumivu ni yake; akibahatisha amebahatisha nafsi yake. Mtoto wa majuma matano hawezi kusema "ndiyo," hawezi kusema "hapana," wala hawezi kesho kutuuliza tulijua nini tulipomshika mikono. Sisi si wenye mali. Sisi ni wenye kuwekewa amana. Na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kucheza nayo bahati nasibu, hata akiwa na nia njema.

Basi kabla ya kumwumiza mtoto kwa jina la tiba, mzazi na ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Nini kitampata mtoto nisipofanya? Kwa chango la kweli, jibu ni kwamba atalia majuma kadhaa, kisha ataacha.

La pili: Ninajua nini juu ya faida ya jambo hili, na nimelijuaje? Kurani Tukufu inatuonya tusifuate jambo tusilokuwa na ujuzi nalo, kwa kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Kusikia kwa kaka katika simu ni kusikia; si ujuzi. Na katika hadithi imeelezwa kuwa mtu ajitiaye uganga bila ya kujulikana kuwa ni mganga, hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Kama mganga hubeba dhamana, mzazi aliyemfungulia mlango hawezi kusema hayumo.

La tatu: Ni nani anayeumia, na ni nani anayepata nafuu? Hili ndilo gumu kuliko yote. Mara nyingi anayeumia ni mtoto, na anayepata nafuu ni sisi, kwa kuwa tumefanya kitu. Kukaa na kilio pasipo kufanya lolote ni mzigo mzito kwa mzazi, na mkono wa mwanadamu hutafuta kitu cha kushika. Ukishika wembe au sindano, moyo wa mzazi hutulia hata kabla ya mtoto kutulia. Utulivu huo umelipiwa na nani?

Majibu kwa wenye kupinga

Huenda mtu akasema: "Kama kumdunga mtoto ni dhuluma, mbona twampeleka kliniki akachomwe chanjo?" Swali hili ni zuri, na inafaa lijibiwe kwa haki. Mtoto wetu wa Tanzania huchomwa sindano ya chanjo akiwa na majuma 6, 10 na 14. Na juma la sita ndilo kilele cha kilio. Sindano ni ile ile, machozi ni yale yale. Ila yapitishe maswali yale matatu. Asipochanjwa anaweza kupatwa na pepopunda, kifaduro au dondakoo, na hayo huua. Faida ya chanjo imepimwa kwa watoto wengi mno na kwa miaka mingi. Na anayepata nafuu ni yeye mwenyewe aliyeumia. Maumivu yale ni deni linalolipwa kwake. Kwa sababu hiyo sheria ya Mungu na akili ya mwanadamu zinaruhusu mzazi kumshika mwanawe mbele ya muuguzi, na zinamkataza kumshika mbele ya fundi wa kimeo, ijapokuwa mikono ni ile ile.

Mwingine atasema: "Sindano hiyo ni nyembamba kama unywele, maumivu yake ni madogo." Ni kweli, na ni wajibu kukiri kuwa haifanani na wembe hata kidogo. Katika uchunguzi wa 2017 watoto walidungwa mara 388. Mara 200 hawakulia kabisa, mara 157 walilia kwa muda usiozidi dakika moja, na mara 31 walilia zaidi ya hapo. Basi kosa lake ni dogo. Lakini udogo wa kosa haugeuzi kosa kuwa haki. Anayechukua shilingi ya yatima hakuchukua shamba lake, wala hawezi kusema amechukua chake. Tena fikiri nauli ya kutoka Mahurunga mpaka Dar es Salaam, malipo ya tabibu, na mama aliyejifungua juzi akikalia basi kutwa nzima. Fedha ile ingemnunulia mama huyo samaki na mboga kwa majuma mengi.

Wa tatu atasema: "Labda sindano haina nguvu, lakini wazazi hufarijika, na mzazi aliyefarijika humtuliza mtoto." Hoja hii nimeifikiria kwa muda mrefu, maana naijua taabu ile. Kurani Tukufu, inapoeleza hukumu za kunyonyesha, inasema kuwa mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Kuchoka kwa wazazi si jambo la kupuuzwa. Lakini kama kinachowafariji ni mtu mwenye subira aliyewasikiliza, akamshika mtoto, akawaambia "mtavuka," basi na wapewe hicho bila ya sindano. Faraja inayohitaji kumchoma mtu wa tatu, naye hajui lolote, ni faraja iliyojengwa juu ya udanganyifu. Nayo huwafundisha wazazi kwamba kila kilio kina mtu mwenye chombo wa kukizima.

Na wa nne atanirudishia maneno yangu mwenyewe: "Si ulisema kila ugonjwa una dawa?" Nilisema, na ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Lakini mafundisho hayo yanatuamuru kuitafuta dawa, na kutafuta ni kazi ya ujuzi. Si kukubali kila kinachojiita dawa. Tena, ni nani aliyesema kuwa kila kilio ni ugonjwa? Huenda dawa ya kilio hiki imekwisha kuteremshwa, nayo ni kifua cha mama, mikono ya baba, na siku zinazopita.

Kisichongojewa

Hapa pana tahadhari kubwa. Neno "ni chango" lisiwe shuka la kufunikia ugonjwa wa kweli. Mtoto mchanga mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayetapika nyongo ya kijani, mwenye damu katika choo, mwenye utosi uliovimba, anayelegea asiweze kuamshwa, au anayepatwa na degedege, huyo hangojwi. Apelekwe zahanati saa ile ile, usiku au mchana. Na wakisema aende hospitali ya mkoa Ligula, aende. Wako watoto waliofikishwa wamechelewa kwa sababu siku mbili za kwanza zilikwisha kwa mafundi.

Ama aliyepimwa akaonekana mzima, anyonyeshwe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita, pasipo maji wala uji, maana kilio cha jioni si dalili ya kuwa maziwa hayatoshi. Abebwe, afungwe kifuani, atembezwe nje penye upepo. Watu wa nyumba wapokezane. Na mtu akijiona hasira inampanda, amlaze mtoto mahali salama chali, atoke nje avute pumzi. Asimtikise kamwe, kwani kumtikisa kwaweza kuharibu ubongo wake milele.

Mwenye kusikia kilio

Kuna hadithi nyingine ninayoipenda. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa husimama katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha, kwa kuchelea kumtaabisha mama yake. Litazame jambo hili kwa makini. Sala ni kitu kikubwa kuliko vyote alivyovipenda. Kilio kilipomfikia hakuamuru mtoto anyamazishwe, wala hakumlaumu mama kwa kuja naye msikitini. Aliyebadilisha mwendo alikuwa ni yeye, mtu mzima. Kilio cha mtoto kilimfanya apunguze kilicho chake.

Asubuhi baada ya usiku ule nilipanda baiskeli, nikakata mashamba ya mpunga mpaka nyumbani kwa yule kijana. Nikamwambia, "Ndugu yangu, jana nilikujibu kwa haraka. Nisamehe." Kisha nikamsalimu mama mkwe wake, "Shikamoo, mama," nikamsimulia habari za mwanangu, pamoja na swali la muuguzi. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema: "Mwanangu, mimi nimezaa tisa, nimezika watatu. Nikisikia mtoto analia usiku, mwili wangu wote huogopa. Ndiyo maana nilimtaja fundi."

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Nilidhani wembe ule umetoka katika ujinga. Kumbe ulitoka katika makaburi matatu. Tulikwenda zahanati sote wanne, na mtoto begani kwa bibi yake. Akapimwa uzito, akaonekana anaongezeka vema, hana homa. Bibi akakubali kumpokea kila jioni tangu Magharibi hadi Isha ili binti yake alale, na baba akachukua zamu iliyofuata. Mtoto aliendelea kulia. Hakuna aliyemdanganya mwenzake kuwa hatalia.

Wakati wa msimu wa korosho nilipita tena. Mtoto alikuwa amekaribia miezi minne, amelala katika mkeka akicheza na vidole vyake. Baba yake akacheka, akaniambia: "Maalim, kilio kimekwisha, wala sijui siku gani. Ningempeleka Dar es Salaam, leo ningekuwa shahidi wa sindano." Bibi aliyekuwa akibangua korosho akadakia: "Na ningemwita fundi, ningekuwa shahidi wa fundi."

Mwenyezi Mungu atujalie ujuzi kabla ya haraka, na huruma iliyo kubwa kuliko hofu yetu. Na awalinde watoto tuliowekewa, hasa na mikono yetu sisi tunaowapenda. Amin.